Jani la Zambarau kwenye Soksi ya Koplo Kirui

Kosa langu la kwanza katika upelelezi lilikuwa kuosha vikombe. Nyinyi vijana chekeni tu, mimi nitangoja.

Mzee mmoja alikuwa amefariki nyumbani kwake upande wa Silibwet, na majirani walinong'ona kwamba alitiliwa kitu kwenye chai. Nilitumwa nikailinde ile nyumba mpaka Inspekta Nyamweya afike. Nilikuwa mpya kazini, tena nimelelewa na mama ambaye hakukubali mtu akae kwenye nyumba ya matanga akiangalia vyombo vichafu kama mgeni wa harusi. Inspekta alipoingia alikuta vikombe vinne vimeinamishwa mezani vinang'aa. Akaviangalia, akaniangalia mimi, akatafuta kiti.

"Chepkirui," akasema, "umeosha kesi."

Nilidhani nitafukuzwa. Badala yake aliomba niwekwe chini yake. Alisema mtu aliyekwisha kufanya kosa la ukubwa ule hawezi kulifanya mara ya pili, kwa hiyo mimi ni salama kuliko wengine. Hivyo ndivyo nilivyoingia upelelezi, na sikutoka mpaka nilipostaafu nikiwa sajini, magoti yamechoka kwa kuchuchumaa kwenye matope.

Nyamweya alikuwa Mkisii mfupi mwenye koti refu. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa sababu huku kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri na wino hauijui dini wala serikali, unayeyuka tu. Alinifundisha kwamba mchuma chai hasimamishwi ili aulizwe maswali. Unaingia kwenye mstari wake, unachuma naye, unamtilia kikapuni mwake, na kabla hamjafika mwisho wa mstari amekuambia mpaka yale ambayo hukuuliza. Na alipenda kusema: "Maiti haikimbii, Chepkirui. Mashahidi ndio hukimbia. Na mvua inawashinda wote kwa mbio."

Kitu kimoja hakuweza kunifundisha, nacho ni b na p. Mimi ni Mkipsigis, na masikio yangu ya ujana yalizisikia herufi hizo kama mapacha. Kuna siku niliandika kwenye taarifa kwamba mshukiwa alionekana akitoka kwenye paa akiwa amelewa. Hakimu akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Sajini, huyu mtu alipanda huko na ngazi?" Nilikuwa namaanisha baa. Mahakama nzima ilicheka, mpaka mshtakiwa. Tangu siku hiyo taarifa zangu nilikuwa nazisoma kwa sauti kabla ya kutia sahihi, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo.

Lakini najua mnachongoja. Kila nikikaa na vijana, hata pale sokoni Litein nikinunua sukuma wiki, lazima mmoja aniulize: Mama, ile kesi ya askari aliyekufa ilikuwaje? Haya, leo nitaisimulia yote. Jina la kituo chenyewe cha polisi nitalificha, maana kuna askari wazuri wanaolala pale hata sasa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Nilipigiwa simu na Inspekta Rono, mkuu wa kile kituo. Rono na mimi tulikula kiapo siku moja, tukapiga gwaride mstari mmoja. Alikuwa mtu nadhifu kuliko wote niliowajua. Bendera ya kituo alikuwa anaikunja mwenyewe, na kalamu zake zilipangwa mezani kwa urefu. Sauti yake siku hiyo ilikuwa ya chini.

"Emily, tumempoteza Wesley. Pikipiki imeteleza kwenye kona. Njoo uandike, tumpe mjane wake mwili."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa na kiatu kimoja mguuni. Koplo Wesley Kirui alipitia mikononi mwangu. Nilimfundisha miaka miwili kabla hajahamishiwa pale kushughulikia ajali za barabarani. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye kuuliza swali moja mara tatu mpaka ukasirike, na ukishakasirika anakuambia, "Pole, mama, lakini bado sijaelewa." Kumbe wewe ndiye uliyekuwa hujaelewa.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa barabarani juu ya kona. Mwili ulikuwa chini ya mteremko, kwenye shamba kubwa la chai la kampuni fulani, helmeti kichwani, pikipiki imelala kando. Murram ya barabara ilikuwa nyekundu na laini kama uji. Mtu yeyote angesema ajali, na mimi nilisema ajali. Taarifa ya Rono ilikuwa tayari, kwa mwandiko mzuri: alipita asubuhi, akaona, akapiga simu, hakugusa chochote.

Nikashuka. Kwanza nikavua helmeti. Ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo, lakini kisogo cha Wesley kilikuwa kimepasuka. Nikasimama kidogo. Nikajiambia labda ilimtoka kichwani akianguka, ikarudi. Mnaona? Mtu akitaka jambo liwe rahisi, atalitafutia sababu mwenyewe.

Halafu nikafanya kosa la pili kubwa katika maisha yangu ya kazi. Nilitaka kujua kama pikipiki ilikuwa na hitilafu, kwa hiyo badala ya kuiacha mpaka fundi aje, tuliinyanyua mimi na Arap Sang, nikaanza kuipiga kiki. Arap Sang ni mzee wa boda boda aliyenileta, mtu wa miaka hamsini na kitu, kofia ya sufi kichwani, maneno machache. Nikapiga kiki mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Ikakohoa, ikazima. Nilikuwa natoka jasho, sketi ya kazi imejaa matope, watu juu wananitazama.

Arap Sang akanivumilia, halafu akasema taratibu, "Mama, itawakaje na umefunga petroli?"

"Sijafunga kitu mimi."

"Koki imefungwa. Ona hapa."

Akanionyesha kwa kidole. Kweli, koki ndogo chini ya tangi ilikuwa imegeuzwa kufungwa. Nikamuuliza mtu anaweza kwenda umbali gani na petroli imefungwa.

"Ile imebaki kwa kabureta tu. Pengine kutoka hapa mpaka pale kwa kanisa. Halafu inazima."

Kutoka kituoni mpaka ile kona ni mwendo wa kilomita nyingi, tena wa kupanda.

"Sasa nani hufunga petroli, mzee?"

"Mwenye kuilaza. Ukiibeba kwa gari, lazima ufunge, sivyo itamwagika yote."

Jamani, niliposikia hivyo, sikungoja zaidi. Nikarudi kwa Wesley, nikapiga magoti, nikaanza upya kutoka miguuni, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Viatu vilikuwa na matope ya kawaida. Lakini kwenye soksi ya kushoto, pale inapobana juu ya kiatu, kulikuwa na kitu kimekwama. Majani mawili na chipukizi. Chai, ndiyo, tulikuwa katikati ya chai. Ila hii haikuwa ya kijani. Ilikuwa ya zambarau, rangi ya bilinganya.

Nikainua macho. Mteremko ule wote, na ule wa pili, na ule unaofuata mpaka mawinguni, ulikuwa kijani kitupu.

Nilikiweka kile kichipukizi katikati ya kurasa za daftari langu na kulifunga. Rono alikuwa amesimama juu barabarani, mikono nyuma. Akaita, "Kuna kitu?"

"Matope tu, afande," nikajibu. Sikujua bado kwa nini nilimdanganya. Mwili hujua kabla ya kichwa.

Mwanamke mmoja akanishika mkono nilipopanda juu. Alikuwa Naomi, mke wa Wesley, mwalimu wa shule ya chekechea. Hakuwa analia. Alikuwa ananiangalia machoni kama anayesoma.

"Mama, aliondoka jana saa nane mchana, mvua ikianza. Wesley haendeshi pikipiki kwa mvua. Husimama kwa duka la mtu mpaka iishe. Nilimuuliza anakimbilia wapi, akasema anaenda kumpa mtu nafasi."

"Nafasi gani?"

"Hakusema. Alisema tu, 'Ni mtu mkubwa, apewe nafasi.'"

Sasa sikilizeni, nyinyi mnaoamini simu kuliko macho yenu. Leo hii ungeomba rekodi za simu, ukalala, ukangoja. Sisi pia tuliziomba, na zilikuja, na zilisaidia mahakamani. Lakini zilikuja baada ya siku nyingi, wakati mimi nilikuwa na jani ambalo lingenyauka kabla ya Jumatano. Na katika eneo lile lote nilikuwa najua mtu mmoja tu aliyepanda chai ya zambarau. Mwalimu Koskei, mstaafu, upande wa kuelekea Kapsoit. Alipoing'oa chai yake ya kijani na kupanda ile, watu walimcheka kanisani. Walisema amepanda mboga.

"Arap Sang," nikasema, "twende kwa mwalimu wa mboga."

Mwalimu Koskei tulimkuta getini amekasirika. Kabla sijasalimia akaanza, salamu ya kwetu na malalamiko pamoja: "Chamgei, madam, afadhali umekuja. Ng'ombe za watu zimenivunjia chai kando ya barabara. Jana nilikuwa mkutano wa kanisa Litein, nimerudi nimekuta hasara."

Akanipeleka. Kando ya barabara ya murram, karibu na kalvati, lile daraja dogo la saruji la kupitishia maji, vichaka vitatu vya chai ya zambarau vilikuwa vimelazwa. Nilizaliwa kwenye chai, na jani la chai nalijua linavyosema. Ukilivunja, jeraha lake hugeuka jekundu, halafu kahawia, halafu linajikunja. Yale yalikuwa yamevunjwa jana mchana. Na ng'ombe angeacha kwato. Pale kulikuwa na alama pana za tairi zilizorudi kinyumenyume mpaka kwenye ukingo wa barabara, mahali ambapo ardhi imeinuka sawasawa na sakafu ya nyuma ya gari. Ukirudisha gari pale, hata mtu mmoja anaweza kusukuma pikipiki ikaingia nyuma bila kuinyanyua.

Saruji ya kalvati mvua ilikuwa imeiosha. Lakini mvua haifiki chini ya kichaka cha chai. Nikajipenyeza kwa tumbo, mimi na miaka yangu na kilo zangu, nikawasha tochi ya simu. Kwenye shina la kichaka cha kwanza, upande unaotazama kalvati, damu ilikuwa imekauka.

Nilibaki nimelala pale kwa tumbo, moyo ukigonga ardhi. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, na mara moja nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nafurahia mahali alipofia mtoto wangu wa kazi. Hivyo ndivyo ilivyo kazi hii. Hakuna anayewaambia, basi nawaambia mimi.

Mwalimu akasema kutoka juu, "Lakini hapa ni mahali pabaya, madam. Ni hapa hapa yule mama wa kuchuma chai aligongwa na gari, wiki tatu zilizopita. Moraa. Alikuwa anatoka kazini na kikapu chake. Gari halikusimama. Yule koplo mrefu amekuja hapa mara nyingi, anapima kwa hatua, anaokota okota vipande vya kioo."

"Koplo Kirui?"

"Ndiye huyo. Alikuwa anashughulika na ile kesi kama ya mamake."

Nikamwambia mwalimu afunike pale kwa turubai lake la chai na asimruhusu mtu kukanyaga, hata awe na nyota begani. Nikampigia simu bosi wangu kule Kericho. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja la maana: "Usiende kituoni peke yako. Natuma watu wawili. Wangoje."

Nikasema sawa, bosi. Halafu nikaenda peke yangu. Msiniige.

Nilijidanganya kwamba naenda kuangalia gari tu. Land Cruiser ya kituo ilikuwa imeegeshwa mahali pake, imeoshwa inang'aa, siku ya matope kama ile. Nikaizunguka. Taa ya mbele ya kulia ilikuwa na umanjano, imefifia kama jicho la mzee. Ya kushoto ilikuwa mpya, nyeupe, jicho la mtoto mchanga. Dereva wa gari lile, konstebo aliyeitwa Cheruiyot, alikuwa amesimama karibu na bomba la maji. Aliniona nikizitazama zile taa, akayashusha macho yake mpaka kwenye viatu.

"Hii taa ilivunjikia wapi?" nikamuuliza.

"Sijui, madam. Nilikuwa likizo. Nilirudi nikakuta imewekwa mpya."

"Na funguo ulimwachia nani?"

Askari wawili waliokuwa wanapita wakasimama. Cheruiyot akawatazama, akanitazama.

"Nilimwachia mkubwa," akasema. "Na Koplo Kirui aliniuliza swali lako hilo hilo, wiki iliyopita. Nilimwambia sijui. Madam, nilimwambia sijui."

Ningerudi getini kungoja wale watu wawili. Ningefanya hivyo, kama Rono hangetoka mlangoni pale pale na kuniita.

"Emily! Ingia, chai ipo."

Nikaingia. Ofisi yake ilinukia rangi ya viatu. Akanimiminia chai kutoka kwenye thermos, mkono wake haukutikisika. Nikakaa nikiwa nimeuelekea mlango, kama nilivyofundishwa. Bastola yake ilikuwa kiunoni. Mimi nilikuwa na penseli.

Sikuwa na swali. Nawaambia kweli, kichwa kilikuwa kitupu. Kwa hiyo nikazungumza habari za kazi tu.

"Afande, ile pikipiki naitaka Kericho kama ushahidi. Nitaomba gari lako. Ila naogopa, nikiilaza nyuma petroli itamwagika njiani, tushike moto."

"Haimwagiki," akasema, akikoroga sukari. "Petroli nilishaifunga."

Kijiko kikasimama.

Kwa mwandiko wake mzuri alikuwa ameandika kwamba hakugusa chochote. Mtu nadhifu namna ile hawezi kulaza pikipiki bila kufunga petroli, hata siku anayoficha maiti. Aliniona nikielewa, na mimi nikamwona akiona.

Akainuka taratibu, akavaa kofia yake, akainyoosha. "Ngoja nikuletee funguo," akasema. Akatoka. Nikasikia Land Cruiser ikiwaka.

Jamani, nilikimbia! Sijakimbia hivyo tangu shule. Arap Sang alikuwa getini anafuta kiti cha pikipiki yake kwa kitambaa, na kabla hajageuka nilikuwa nimeshapanda nyuma.

"Lile gari!"

"La polisi?"

"Lile lile! Twende, mzee!"

Alitia gia bila swali lingine. Barabara ile inapinda katikati ya chai kama utumbo wa mbuzi, na Rono alikuwa anaendesha kama mtu asiyetaka kufika popote. Tulikuwa tunamwona akizama kwenye kona na kuibuka ng'ambo, matope yakiruka. Sketi yangu ilipasuka mpaka gotini, na Arap Sang, mzee wa maneno machache, alianza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa.

Tukashuka bonde, tukapanda, na pale juu Mungu alikuwa ameweka lori. Lilikuwa lori la chai, limesimama katikati ya barabara mbele ya kituo cha kununulia chai, linapakia. Akina mama na wazee walikuwa wamejipanga na magunia yao pande zote mbili. Hapakuwa na mahali pa kupita, labda juu ya watu. Land Cruiser ikafunga breki, ikateleza upande, ikasimama hatua chache kutoka kwenye foleni. Hakushuka. Nilipokaribia nikaona ameshika bastola, ameiegemeza chini ya kidevu chake.

Watu wakarudi nyuma. Mtoto akalia. Mimi nikanyoosha mikono yote miwili ikiwa mitupu, nikatembea mpaka kwenye dirisha.

"Rono," nikasema. Sikumwita afande. "Ukifa sasa hivi, taarifa yako ndiyo itabaki. Wesley amekufa kwa ajali, na Moraa ameuawa na gari lisilojulikana. Watoto wao watakua na uongo wako. Hiyo ndiyo unataka?"

Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye mkono ulioshika bastola.

"Wesley alinipigia simu akaniita pale kwa kalvati. Alikuwa na vile vioo kwenye bahasha. Akaniambia, 'Afande, nenda Kericho useme mwenyewe, nitangoja mpaka kesho.' Alikuwa ananiheshimu, Emily. Hata akinikamata alikuwa ananiheshimu. Nikataka ile bahasha. Nilimsukuma tu. Mara moja tu."

"Na Moraa?"

"Mvua ilikuwa nyingi. Nilisikia kishindo."

"Alikuwa hai?"

Akafunga macho. "Sijui. Sikushuka."

Nyuma yangu sauti ya mwanamke ikasema, "Moraa? Moraa wetu?" Na foleni yote ikaanza kusonga mbele kama maji. Nikaegemeza mgongo wangu kwenye mlango wa gari, nikawakabili watu, huku mtu mwenye bastola yuko nyuma ya shingo yangu. Ndiyo dakika ndefu kuliko zote nilizopata kuishi. Nikawaambia, "Akina mama, nawaomba. Mkimgusa, hatasema. Nataka aseme, mbele ya hakimu, kila mtu asikie."

Kitu baridi kikanigusa begani. Ilikuwa bastola, ameigeuza, ananipa kwa mpini. Alikuwa ameshatoa risasi, akaziweka kwenye kiganja changu moja moja.

Wale watu wawili kutoka Kericho walifika wakanikuta nimekaa kwenye kreti ya chai, sketi imepasuka, Rono ndani ya gari amefungwa pingu, na wachuma chai wamelizunguka kimya. Bosi wangu alinigombeza kwa nusu saa. Alikuwa na haki.

Cheruiyot aliandikisha taarifa siku hiyo hiyo, na wale askari wawili waliosimama kwenye bomba wakaandikisha baada yake. Ile bahasha ya vioo ilipatikana kwenye kabati la Rono, imepangwa vizuri na kuandikwa tarehe, hakuweza kuitupa. Mahakamani alikiri vifo vyote viwili. Akafungwa. Nilimtembelea mara moja gerezani. Tuliongea habari za mvua.

Mkiniuliza Wesley alikosea wapi, nitawaambia: alimpa mkubwa wake nafasi kabla ya kuandika. Andikeni kwanza. Heshima inaweza kungoja mpaka karatasi iwe na sahihi.

Baada ya hukumu Naomi aliniomba nimpeleke kwa kina Moraa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Mumewe, Onsongo, alikuwa nje anapasua kuni. Nilipomwambia mgeni ni nani, shoka likamtoka mkononi.

"Mama," akasema, "mume wako alikuja hapa. Aliniambia, 'Mzee, gari nimelijua. Nipe siku mbili nitakuletea jibu.' Nikangoja siku mbili. Nikangoja wiki. Nikasema, hawa polisi ni wale wale. Nikamlaani, mama. Kila asubuhi nikiamka nilikuwa namlaani, kumbe yeye anahangaika kwa ajili yetu, mpaka akafa."

Hakuweza kumtazama. Naomi aliushika mkoba wake kwa mikono miwili. Kisha akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne.

"Wesley alikuwa anachelewa kila mahali," akasema. "Hata harusi yetu alichelewa, mchungaji akakasirika. Si ameshafika sasa, mzee? Ameleta jibu."

Onsongo akajifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la kuni. Akaingia ndani, tukamsikia akihamisha vitu, akawaambia watoto waweke maji ya chai jikoni. Halafu akatoka na kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati lake, akamwekea Naomi mlangoni.